Weusi wa Grauti: Mabafu ya Pwani na Saa za Unyevu

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, bafu lililojengwa ndani na kuvishwa vigae tangu sakafuni hadi karibu na dari huanza kubadilika rangi kabla halijatimiza miaka mingi, na mabadiliko hayo hayaanzi kwenye kigae chenyewe, ambacho uso wake umechomwa tanurini hadi haunywi maji, bali huanza katika mistari myembamba iliyo baina ya kigae na kigae. Kijazio cha mistari hiyo ndicho mafundi wanachokiita grauti, yaani saruji, mara nyingi ile nyeupe, iliyochanganywa na rangi na pengine na mchanga laini, ikakorogwa kwa maji na kusukumwa kwa mpira mpaka ikaziba mianya. Kwanza hujitokeza vidoa vya kijivu pembeni mwa sakafu, karibu na tundu la kutolea maji. Baadaye vidoa hivyo huungana na kuwa mstari mweusi unaopanda ukutani, na mwenye nyumba hukimbilia dukani kununua chupa ya dawa. Weusi hutoka, wiki kadhaa hupita, weusi hurudi. Mzunguko huo hauelezwi na uvivu wa mtu wala na ubovu wa dawa. Unaelezwa na maji, na hasa na idadi ya saa ambazo ukuta hukaa umelowa kila siku.

Kiumbe kinachohusika ni kuvu, jamii isiyo ya mimea wala ya wanyama, ambayo huishi kwa kupenyeza nyuzi nyembamba mno ndani ya kile inachokila na huzaana kwa vijimbegu vidogo viitwavyo spora, ambavyo huelea hewani mahali pote na wakati wote. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyochukuliwa, kwa kuwa maana yake ni kwamba hakuna bafu linaloweza kufanywa lisiwe na spora: dirisha likifunguliwa huingia, taulo likikung'utwa huruka, na lililo katika uwezo wa binadamu ni kuzinyima maji tu. Zinazokutwa mara kwa mara mabafuni ni kuvu za jenasi Cladosporium, Aureobasidium na Exophiala, ambazo hubeba melanini, ile rangi ya asili ambayo pia huipa ngozi ya binadamu weusi wake, na ambayo huzikinga dhidi ya mwanga, ukavu wa muda mfupi na baadhi ya kemikali. Kuvu iitwayo Stachybotrys, iliyopata sifa mbaya Marekani kuwa ni kuvu nyeusi yenye sumu, hupendelea vitu vyenye asili ya mmea vilivyolowa kwa muda mrefu, kama vile karatasi inayofunika mbao za jasi, kwa hiyo hofu kwamba kila mstari mweusi wa grauti ni kuvu hiyo haina mashiko. Ule utando wa waridi unaoonekana chini ya chupa za shampuu na kwenye sahani ya sabuni mara nyingi si kuvu hata kidogo bali ni bakteria, mmojawapo akiwa Serratia marcescens, na huo hutoka kwa kusuguliwa kwa brashi na sabuni ya kawaida.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kwanza kuhakikisha kwamba kinachoonekana ni kuvu kweli. Weupe wa unga unaotokeza juu ya grauti, hasa katika nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa vizuri, ni chumvi iliyoyeyuka ndani ya ukuta, ikasafiri na maji hadi juu na kuachwa hapo maji yalipokauka. Unga huo ukinyunyiziwa maji huyeyuka na kupotea, jambo ambalo kuvu haifanyi. Kwa upande wa weusi, tone moja la dawa ya kung'arishia nguo likiachwa juu ya doa kwa dakika moja au mbili, doa la kuvu hupauka, ilhali doa la uchafu wa kawaida au la kutu hubaki lilivyokuwa. Jaribio hili ni dogo, lakini huokoa fedha za watu wanaosugua kutu ya bomba kwa dawa ya kuvu mwaka mzima.

Swali ambalo halina budi kuulizwa ni kwa nini kuvu ichague grauti, ilhali saruji mbichi ni mahali pagumu mno kwa kiumbe chochote kuishi. Ukali wa asidi na alkali hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho katikati yake ni 7, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali, na saruji iliyokorogwa sasa hivi hufikia zaidi ya 12, kiwango kinachochubua vidole vya fundi na ambacho kuvu nyingi haziwezi kukistahimili. Hata hivyo, hewa ina gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo hupenya polepole katika vitundu vya saruji, ikaungana na chokaa iliyomo na kuigeuza kuwa kalisi kaboneti, ambayo ndiyo kemikali ya matumbawe na maganda ya kombe. Mgeuko huo unapokamilika katika tabaka la juu, pH hushuka hadi karibu na 9 au chini yake, na ukuta uliokuwa ukijilinda wenyewe huwa hauna tena kinga. Ndiyo sababu bafu jipya huonekana salama kwa muda, kisha likaanza kuota kuvu bila ya mwenye nyumba kubadili lolote katika namna ya kulitumia.

Wajenzi wa zamani wa mwambao hawakuwa na kipimo cha pH, lakini walikuwa na desturi iliyolijibu tatizo hilo. Majumba ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo, na chokaa ilipakwa upya ukutani kila baada ya muda, mara nyingi kabla ya sikukuu. Kila mkono mpya wa chokaa uliurudishia ukuta ukali wake wa alkali. Vigae vimeondoa desturi hiyo, kwa kuwa kigae hakipakwi chokaa, na mstari wa grauti wenye upana wa milimita tatu umeachwa uzeeke peke yake.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, si ya vifaa bali ya mahali. Katika nyumba ya Kiswahili ya kawaida, bafu lilikuwa uani, limezungushiwa ukuta au makuti, mara nyingi halina paa, na jua la mchana liliingia moja kwa moja likalikausha lote kabla ya mwogaji wa jioni kufika. Nyumba ya leo imeliingiza bafu ndani ya chumba cha kulala, katika kile chumba ambacho madalali hukinadi kwa jina la masta, likapewa dirisha dogo lililo juu karibu na dari, na katika majengo ya ghorofa dirisha hilo hufunguka kwenye mwanya mwembamba wa kupitishia mabomba ambamo upepo hauvumi. Heshima ya familia imehifadhika, mvua haimzuii mtu kuoga, na hakuna anayetaka kurudi uani usiku. Lakini jua na upepo, vilivyokuwa vikifanya kazi ya usafi bila malipo, vimefungiwa nje, na hakuna kilichowekwa badala yake.

Hapa ndipo hesabu kidogo inapohitajika, maana ushauri mwingi unaosomwa na watu wa Pwani umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako tatizo ni mvuke wa maji ya moto unaogandamana kwenye ukuta baridi, na ambako kufungua dirisha huingiza hewa kavu. Kila hewa ina kikomo cha mvuke inaoweza kuubeba, na kikomo hicho hupanda kadiri joto linavyopanda. Kwa joto la nyuzi 28 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 27 hivi za maji. Unyevuanga, yaani kiasi cha mvuke uliopo hewani kikilinganishwa na kikomo hicho, ukiwa asilimia 80, hewa hiyo tayari imebeba karibu gramu 22, na nafasi iliyobaki ni ya gramu tano tu. Bafu lenye urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na nusu na kimo cha mita 2.7 lina hewa ya mita nane za ujazo, kwa hiyo hewa yote iliyomo, ikitulia, inaweza kupokea gramu 40 hivi za maji, sawa na vijiko vitatu vikubwa vya chakula. Ukuta na sakafu vilivyooshwa na maji ya kuogea, vikiwa na eneo la mita tano za mraba na utando wa maji wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hubeba nusu lita. Ni dhahiri kwamba hewa iliyokwisha kujaa maji haiwezi kuukausha ukuta, kama kitambaa kilicholowa kisivyoweza kufuta meza. Italazimika kubadilishwa yote mara kumi na mbili au zaidi, na katika bafu lisilo na upepo kazi hiyo huchukua usiku kucha.

Hesabu hiyo hubadilika kwa saa za siku, na mabadiliko hayo yana faida kwa anayeyajua. Saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 32, hewa ya Pwani yenye gramu 21 za mvuke katika mita ya ujazo bado ina nafasi ya gramu 12 au 13. Saa kumi za usiku, joto likishuka hadi nyuzi 25, hewa hiyohiyo huwa na nafasi ya gramu mbili tu. Mtu anayeoga asubuhi na kuliacha dirisha wazi huuachia mchana wenye joto kazi ya kukausha, lakini anayeoga saa tatu za usiku, kama ilivyo desturi ya watu wengi wanaotaka kulala bila jasho, huulaza ukuta katika maji mpaka jua litoke. Josho la usiku ndilo linaloilisha kuvu. Katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo unyevuanga wa asubuhi hupita asilimia 85 mara nyingi na mawingu huuzuia mchana kupata joto, tofauti hiyo hupungua na weusi huenea kwa kasi isiyoonekana wakati wa kaskazi.

Kiyoyozi huongeza utata wake. Hewa yenye joto la nyuzi 28 na unyevuanga wa asilimia 80 huanza kudondosha umande ikigusa kitu chenye joto lililo chini ya nyuzi 24, na ukuta unaotenganisha bafu na chumba kinachopozwa usiku kucha hadi nyuzi 18 unaweza kushuka chini ya kiwango hicho. Matokeo yake ni kwamba ukuta wa bafu hutoa jasho hata siku ambayo hakuna aliyeoga, na mstari mweusi huonekana upande mmoja tu, ule uliopakana na kitanda. Kwa chumba cha namna hiyo, dawa iliyo rahisi ni kuuacha wazi mlango wa bafu wakati kiyoyozi kinafanya kazi, baada ya sakafu kupanguswa, kwa kuwa kiyoyozi hupunguza mvuke wa hewa na maji yake hutiririkia nje kwa bomba. Umeme utalipwa zaidi kidogo, na hiyo ndiyo bei ya kuviweka bafu na kiyoyozi chini ya paa moja.

Kutokana na hayo yote, kifaa chenye nguvu kuliko vyote katika vita hii ni ule mpira wenye mpini wa kusukumia maji, ambao wasafisha vioo na wahudumu wa hoteli huutumia, ukifuatiwa na kitambaa kikavu katika pembe na juu ya mabomba. Nusu lita ambayo hewa ingehitaji usiku mzima kuibeba husukumwa tunduni kwa dakika moja. Feni ya kutoa hewa husaidia ikiwa inaitoa nje ya nyumba hasa, si ndani ya dari, na ikiwa iko njia ya hewa nyingine kuingia, mathalani uwazi wa sentimita moja au mbili chini ya mlango. Feni isiyo na njia ya kuvuta hewa huunguruma tu. Taulo zilizolowa na pazia la plastiki lililokunjamana havina budi kutolewa au kutandazwa, maana navyo ni maji yaliyofungiwa chumbani.

Chakula cha kuvu nacho kina sehemu yake. Saruji haina lishe, kwa hivyo kuvu hula mafuta ya ngozi, mabaki ya nywele na, zaidi ya yote, utando wa sabuni. Maji ya visima vingi vya Pwani ni magumu, yaani yana kalisi na magnesi nyingi, na sabuni ya mche ikikutana nayo haitoi povu bali huganda na kuwa utando wa kijivu unaoshika ukuta kwa nguvu. Utando huo hauna budi kuondolewa kwanza, kwa sabuni ya maji, maji ya uvuguvugu na brashi ngumu ya nailoni, kabla ya dawa yoyote kupakwa, kwa kuwa dawa ikimwagwa juu yake humaliza nguvu zake kwenye utando na kuiacha kuvu iliyo chini ikiwa salama.

Dawa yenyewe, kwa wengi, ni myeyuko wa sodiamu haipokloraiti, ule unaouzwa madukani kwa majina kama Jik na ambao katika Kongo na Burundi huitwa javeli, kwa kufuata mahali karibu na Paris ulikotengenezwa kwa mara ya kwanza katika karne ya 18 kutokana na kazi ya mkemia Claude Berthollet. Dawa hii huivunja melanini, na ndiyo sababu weusi hupotea mbele ya macho ya mtu. Lakini kupotea kwa rangi si kufa kwa kiumbe, na nyuzi zilizozama katika vitundu vya grauti hubaki, zikisubiri usiku mwingine wa unyevu. Shirika la Mazingira la Marekani halishauri dawa za aina hii zitumiwe kama desturi katika kusafisha kuvu, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, iliyotolewa mwaka 2009, huweka mkazo katika kuzuia unyevu wenyewe. Anayeitumia atafanya vyema kuipunguza kwa maji, kuiacha dakika kumi hivi juu ya ukuta uliokwisha kusuguliwa, kuisuuza na kisha kuukausha ukuta, madirisha yakiwa wazi na mikono ikiwa ndani ya glavu. Chupa iliyokaa miezi mingi kwenye rafu ya duka lenye joto huwa imepoteza sehemu ya nguvu zake, kwa kuwa kemikali hii huharibika kwa joto na mwanga. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayopatikana katika maduka ya dawa, hufanya kazi polepole zaidi, lakini haitoi mvuke unaowasha na hugeuka kuwa maji na oksijeni tu.

Lipo kosa moja ambalo si la kuharibu vigae bali la kuhatarisha maisha, nalo ni kuchanganya. Haipokloraiti ikikutana na asidi yoyote, iwe siki, ndimu au dawa ya majimaji ya kuondolea madoa ya chooni, hutoa gesi ya klorini, ileile iliyofunguliwa kutoka kwenye mitungi karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji tarehe 22 Aprili 1915 na kuua askari ndani ya mahandaki yao. Ikikutana na amonia, iliyomo katika baadhi ya dawa za vioo na katika mkojo uliokaa, hutoa gesi nyingine zinazochoma mapafu. Bafu dogo lililofungwa mlango, na mtu aliyeinama sakafuni akisugua, ndilo mahali pabaya kuliko pote kwa jambo hilo kutokea. Akinamama wengi waliojifunza kwamba ndimu husafisha na kwamba Jik husafisha wamefikia uamuzi unaoeleweka kwamba viwili pamoja vitasafisha zaidi, na lawama inapaswa kuelekezwa kwa maandishi madogo yaliyo nyuma ya chupa kuliko kwao.

Asidi peke yake pia haifai hapa, kwa sababu nyingine. Tabaka la juu la saruji iliyozeeka ni kalisi kaboneti kwa sehemu kubwa, na asidi huila kaboneti huku ikitoa viputo. Yale mapovu yanayomfurahisha msafishaji, akidhani ni uchafu unaotoka, ni grauti yenyewe inayoyeyuka. Grauti iliyooshwa kwa asidi ya chooni kila mwezi huwa na vitundu vingi, hushuka chini ya uso wa kigae, hushika maji na sabuni zaidi, na hivyo kuipa kuvu makazi yaliyo bora kuliko yale ya awali.

Kwa upande wa afya, kuvu ya bafuni si ya kutiwa chumvi wala ya kupuuzwa: wengi hawadhuriki nayo, lakini mwenye pumu, mwenye mzio au mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua hupata taabu ya kweli, na asiachiwe yeye kazi ya kusugua.

Hufika wakati grauti ikawa imeoza kiasi kwamba kusafisha ni kupoteza muda, na dalili yake ni kuchomoka kwa chembechembe za mchanga ukipitishwa ukucha. Hapo fundi hukwangua mistari hadi kufikia angalau theluthi mbili za kina chake, akaacha bafu likauke kwa siku kadhaa bila kutumika, na ni katika kungoja huko ambapo kazi nyingi huharibika, maana familia yenye bafu moja haina subira na fundi ana kazi nyingine Mbagala. Grauti mpya ikorogwe kwa maji machache kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila tone la ziada litakuja kukauka na kuacha kitundu mahali pake. Desturi ya kuikoroga saruji nyeupe hadi iwe kama uji ili iteleze kirahisi ndiyo inayozaa mistari laini, yenye nyufa, inayonywa maji tangu siku ya kwanza. Iliyo bora zaidi kwa eneo la kuogea ni grauti ya epoksi, ambayo hugandishwa kwa utomvu badala ya saruji na hainywi maji, ingawa bei yake ni kubwa na mafundi walioizoea ni wachache, kwa kuwa huganda upesi na ikikauka juu ya kigae haitoki. Pembe ambamo ukuta hukutana na sakafu hazitiwi grauti kabisa bali silikoni, kwa sababu hapo nyumba husogea kidogo kwa joto na baridi na saruji hupasuka. Na silikoni iliyokwisha kuingiwa na weusi ndani haisafishwi, hukatwa kwa wembe, pembe ikafutwa na kukaushwa, ikawekwa nyingine na kuachwa bila maji kwa saa 24.